Mwaka Nilipomwigiza Kaka Yangu Mbele ya Polisi

Kanisani kwetu Pongwe nilikuwa Pilato kwenye igizo la Pasaka miaka sita mfululizo. Si kwamba nina sura ya utawala. Wanaume wa kwaya yetu hawaji mazoezini, basi. Mtaani nilijulikana kwa cherehani na kwa mdomo. Kwa hiyo muuguzi mstaafu aliyekuwa akimhudumia kaka yangu kliniki aliponipigia simu, akaniambia anatafuta mtu wa kuigiza mgonjwa wa akili kwenye mafunzo ya polisi, nilidhani ananitania.

"Sista," nilimwambia, maana hata baada ya kustaafu hakuna aliyemwita vinginevyo, "wale mbona wanakutana na wagonjwa wa kweli kila siku. Mimi wananitakia nini?"

Hakucheka. Alisema mtu akichanganyikiwa mtaani, majirani huita polisi, na polisi huenda na kelele na pingu kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaonyesha namna nyingine. Alitaka waijaribu hiyo namna nyingine ukumbini, mbele ya mtu anayeijua hofu ya mgonjwa, kabla hawajakutana nayo barabarani. "Na ujue," akaongeza, "wanaokuja ni wa huku huku kwetu. Siku kaka yako akizidiwa, ndio hao watakaoitwa."

Alijua pa kunishika. Mwaka uliotangulia kaka alizidiwa, wakaja polisi wanne, wakampiga na kumburuta mpaka kwenye gari, na nilipomwona tena wodini alikuwa anapumua kwa kujiiba kwa sababu ya mbavu. Siku ile niliapa kwamba hatapigwa tena nikiwa hai. Kuapa ni rahisi. Nilichokosa ni njia ya kukilinda kiapo chenyewe. Sista alikuwa ananipa njia, nami nikakubali kabla hajamaliza kueleza.

Kaka ananizidi miaka saba. Ni fundi baiskeli Makorora, kwenye kibaraza cha duka la mzee mmoja mwenye asili ya Kihindi ambaye amemwachia nafasi hiyo tangu enzi na enzi. Akiwa mzima ni mpole mpaka anaudhi. Anaweza kukaa saa nzima na ringi moja, anaizungusha, anakaza spoku moja, anatega sikio, anakaza nyingine, na mwenye baiskeli amesimama pale anaungua jua wala hathubutu kumharakisha. Nina wateja wangu hapa Pongwe wanaopita mafundi chungu nzima njiani ili wamfuate yeye. Tatizo ni dawa. Zinamtuliza kichwa, lakini zinamtetemesha mikono, na fundi anayetetemeka mikono watu huanza kumwangalia kwa jicho jingine. Basi kila baada ya muda huziacha kimyakimya. Sisi huja kujua akiwa ameshaacha hata kulala.

Mafunzo yalifanyika kwenye ukumbi mmoja wa Usagara, wenye viti vya plastiki na feni iliyokuwa ikizunguka kwa kulalamika. Polisi walikuwa kama ishirini hivi. Sista aliwataka waje na sare zao kamili, kofia na buti, kwa kuwa mgonjwa huwaona na sare zao. Alichora mstari wa chaki sakafuni, akasema huku ni kibaraza, kule ni barabara. Akanipa spana mkononi. Mimi ndiye fundi, sijalala siku tatu, nazungumza na watu wasioonekana, na jirani ameita polisi. Wataingia wawili wawili. Wakikosea, Sista atapiga makofi, kila mtu atasimama hapo alipo, na mimi nitaulizwa nilijisikiaje.

Wawili wa kwanza waliingia kwa mbwembwe. "Wewe! Tupa hiyo spana! Kaa chini!" Wenzao waliangua kicheko. Sajenti mmoja mtu mzima, mwenye tumbo lililoutangulia mkanda, alisema kwa sauti kutoka viti vya nyuma, "Huyu mama mbona kichaa hasa, hata haigizi." Nilitaka kumjibu. Nina majibu ya watu kama yule tangu shule ya msingi. Lakini niliona aibu kubishana mbele ya Sista, nikaamua kumjibu kwa kazi.

Nikaacha kelele nilizokuwa nimeanza nazo. Kaka akizidiwa hapigi kelele. Wanaofikiri kichaa ni kelele hawajakaa naye. Husema chinichini, haraka haraka, akihesabu. Husugua sikio la kushoto begani, tena na tena, mpaka ngozi inachubuka. Nikafanya hivyo. Nikahesabu spoku ambazo hazikuwepo, nikasugua sikio, nikamwomba radhi mtu aliyekuwa juu ya feni. Yule sajenti alikunja mikono kifuani na hakusema kitu tena siku hiyo.

Nilikwenda kukaa. Nilijisikia vibaya sana, afadhali niseme. Nilijiona nimemtoa kaka yangu ndani nikamsimamisha sokoni watu wamtazame. Sista aliniletea maji, akasema nimefanya vizuri, nami nikayanywa bila kumwangalia usoni.

Tulirudia zoezi lile siku tatu. Wengi walibadilika mbele ya macho yangu, hilo sitawanyima. Walijifunza kwamba azungumze mmoja tu na wengine wakae kimya. Walijifunza kuvua kofia ili uso uonekane, kutoziba njia ya kutokea, kusimama mbali kidogo kuliko urefu wa mkono, kusema majina yao, kungoja. Kungoja ndiko kulikowashinda zaidi. Kuna kijana alihesabu kimoyomoyo mpaka midomo ikawa inacheza, na Sista akamwambia mgonjwa anakuona unavyohesabu, naye anahesabu, sasa nani amtulize mwenzake?

Aliyewapita wote alikuwa binti mmoja, askari mpya, mwembamba, mwenye sauti ya chini. Siku ya pili alinyoosha mkono akauliza, "Sista, na mgonjwa naye anapewa shikamoo?"

Wenzake wakacheka. Sista hakucheka. "Kwani ugonjwa umempunguzia miaka?"

Basi zamu yake ilipofika, alisimama nje ya mstari wa chaki, akavua kofia, akachuchumaa ili asiwe juu yangu, akasema, "Shikamoo, fundi." Nilikuwa nimejiandaa kuwa mgumu. Badala yake machozi yalinijaa, nikaitikia "marahaba" kwa sauti ya kaka kabisa, na spana nikaiweka chini mwenyewe bila kuombwa. Wote wakapiga makofi. Nilimpenda yule binti palepale. Nilimwomba namba ya simu wakati wa chai, nikamwambia, siku kaka akizidiwa nitakuita wewe.

"Niite, mama," alisema. "Hata kama siko zamu."

Sasa hapa ndipo panaponisumbua. Siku ya mwisho, Sista alinisimamisha mbele ya wote, akasema yule anayeishi na mgonjwa anajua mambo ambayo hayamo kwenye daftari lolote. "Mficha uchi hazai," alisema. "Huyu mama anamjua mgonjwa wake. Mama, kuna kitu kingine wanachotakiwa kukijua kabla hatujafunga?"

Kilikuwepo. Kaka akifika mwisho kabisa, baada ya kukosa usingizi na baada ya kuhesabu, huvua nguo. Zote. Husema zinamuunguza. Na akiwa katika hali hiyo unaweza kumsogelea, unaweza kuzungumza naye, anaitikia salamu, anaweza hata kukaa. Lakini usimfunike. Ukimtupia nguo mwilini, yule mtu mpole huondoka pale na anakuja mwingine ambaye hata mimi namwogopa.

Na sababu naijua. Ugonjwa ulipomwanza tulikuwa bado tunakaa na wazazi kwenye nyumba za wafanyakazi wa shamba la mkonge, ambako baba alishuka kutoka milimani kutafuta kazi. Hatukujua la kufanya. Tulikuwa tunamvizia kwa nyuma na shuka, tunalitupa kichwani asione, halafu tunamfunga. Baba alishika mikono, mjomba miguu, na kamba nilishika mimi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, mwanafunzi wa ushonaji, na mafundo yangu hayakufunguka. Kuna mara alikaa amefungwa siku mbili. Alikuwa akiniita kwa jina langu la utotoni, na mimi nilikuwa nje napepeta mchele.

Hilo lote nilikuwa nalo mdomoni pale ukumbini. Niliwatazama wale askari ishirini, wengine wao wanapita Makorora kila siku, wanajaziwa upepo na kaka. Niliona nikisema, kesho watampita wakinong'onezana kwamba ndiye yule anayetembea uchi. Nikaona pia watakavyonitazama mimi. Huku kwetu mtu hukaa na ndugu yake mgonjwa miaka thelathini, akatumbukiza kila alichonacho kwenye dawa na waganga, asiambiwe hata ahsante. Lakini akitoa nje la ndani, hilo watu watalikumbuka. Kusitiri ndiyo heshima yenyewe. Nilijiambia namsitiri kaka.

"Hapana, Sista," nilisema. "Yote wameshayaona."

Miezi miwili hivi ikapita. Ilikuwa katikati ya juma, saa nne asubuhi, niko kwenye suti ya bwana harusi ambaye alikuwa amekwishanichosha kwa kubadili mawazo. Simu ikaita. Alikuwa yule mzee mwenye duka.

"Mama, njoo upesi. Kaka yako leo hayuko sawa. Amevua."

Nilimpigia yule binti nikiwa natafuta viatu. Nilimwambia kaka amezidiwa, yuko kibarazani kwake, Makorora. Alisema yuko kazini na anakwenda yeye mwenyewe, nisiwe na wasiwasi. Nilikuwa na nafasi ya kuongeza maneno matatu tu kwenye simu ile. Nikashukuru, nikakata, nikakimbilia bodaboda.

Nilipofika, watu walikuwa wamejaa barabara nzima. Wanawake wamegeuza nyuso, wengine wanachungulia kwa pembeni ya mitandio, mzee wa duka ameshusha mlango nusu na kusimama mbele yake kama atamkinga kaka kwa mwili wake. Nilisimama nyuma kabisa, nyuma ya bwana mmoja aliyekuwa na baiskeli. Kati ya vichwa vya watu nilimwona kaka amechuchumaa ukutani, mtu wa miaka hamsini na nne, hana hata uzi, anasugua sikio begani.

Na nilimwona yule binti. Mungu ni shahidi yangu, alifanya kila kitu. Alikuwa ameacha gari mbali. Alikuwa amewasogeza watu nyuma kwa mkono tu, bila kufoka. Alivua kofia. Alichuchumaa, mbali kidogo. Yule sajenti mwenye tumbo, ambaye ndiye alikuja naye, alisimama pembeni kimya, rungu kiunoni, kama alivyofundishwa.

"Shikamoo, fundi."

Kaka alichelewa kuitikia. Kisha nikaisikia sauti yake, ndogo, "Marahaba, binti yangu."

Binti akamwambia jina lake. Akamuuliza kama amelala. Kaka akasema hajalala, akasema kuna spoku moja haikai sawa, anaisikia. Akamuuliza ni ipi. Kaka akaanza kumweleza, na mabega yake yakashuka. Niliyaona yakishuka. Nilisema moyoni, imekwisha, ataingia kwenye gari kwa miguu yake mwenyewe, na nilianza kulia kwa furaha.

Ndipo mama mmoja mtu mzima aliyekuwa mbele akafungua kanga yake ya juu, akamnyooshea yule askari. "Msitiri, mwanangu," alisema. "Mtu mzima huyo, baba wa watu. Usimwache hivyo."

Wengine wakaitikia, "Kweli, msitiri." Hakuna aliyesema kwa ubaya. Hakuna mtu aliyelelewa pwani hii ambaye angeona uchi wa mtu mzima akaacha kuufunika. Angalikuwa mtu wa namna gani? Binti aliipokea kanga. Aliinuka polepole, akageuza uso akautazama ule umati kidogo, kisha akamrudia kaka.

Nilikuwa umbali wa hatua kumi. Nilijua. Katika mkusanyiko ule wote mimi peke yangu nilijua, na mdomo huu ambao Pongwe nzima inaulalamikia haukufunguka. Ningepiga kelele, watu wote wangegeuka. Wangeona ndiye dada yake. Wangeuliza, umejuaje?

Alimtandazia begani kwa upole, kwa ubavuni, kama unavyomfunika mtu aliyelala. Kaka akaruka. "Msinifunge!" Aliisema mara moja tu, kwa sauti nyembamba ambayo sikuwa nimeisikia tangu nyumba za mkonge. Kiwiko chake kilimpata binti mdomoni, akaanguka chali, damu ikamwagika kwenye shati la sare. Kaka alikuwa amejisokota kwenye kanga, anaichana, anapiga huku na huku, na sajenti akatoa rungu. Alipiga mara mbili. Pigo la pili kaka alilikinga kwa mkono wa kulia.

Nilifika kwake wakati wameshamlaza chini. Nilipiga kelele sana wakati huo. Niliwatukana wote, sajenti, mama wa kanga, mpaka mzee wa duka wa watu ambaye hakuwa na kosa. Mdomo ulikuwa umerudi.

Mkono ulivunjika kiungoni. Ulipotolewa plasta, vidole viwili vilikuwa havikunji. Siku ya kwanza alipokuwa na fahamu zake vizuri pale wodini, aliniuliza, "Yule binti nilimuumiza?" Nilimwambia kidogo tu. Alilia akaniomba nimpelekee salamu za msamaha. Mimi hakuniuliza chochote, wala hajaniuliza mpaka leo. Amerudi kibarazani, mzee wa duka hakumpa mtu ile nafasi. Lakini spana hazikai mkononi. Anawajazia watu upepo kwa mkono wa kushoto, na ringi iliyopinda anawaelekeza kwa fundi mwingine, tena anawatajia mzuri.

Binti alishonwa nyuzi mdomoni. Nilisikia kwamba kituoni wenzake walimcheka, wakimuuliza shikamoo yake imemlipa nini. Sajenti alikuwa akisema kwamba mafunzo yale yalikuwa maigizo ya kupoteza siku. Nilipoambiwa hayo nilitaka kwenda kituoni nikamweleze uso kwa uso. Kisha nikakumbuka kwamba katika hao wote, mwongo alikuwa mmoja tu, na hakuwa sajenti.

Nilikwenda nyumbani kwa Sista nikamweleza yote, shuka, kamba, mafundo. Alinisikiliza huku akichambua mchicha, na hakuinua uso mpaka nilipomaliza. Sikupata pole niliyoifuata. Alisema mafunzo mengine yanaanza baada ya wiki mbili, na safari hii kuna kitu cha kuongeza kwenye zoezi. Aliniambia saa ya kufika, akaendelea na mchicha wake.

Nilifika mapema, na kwenye ukumbi ule ule nilimkuta yule binti amesimama mlangoni. Sista alikuwa amemwomba aje kusaidia. Kovu lilikuwa limekatiza mdomo wa juu na kuuvuta kidogo, hata akinyamaza alionekana kama anataka kusema kitu. Aliniamkia kwa adabu zake zote, na mimi nikashindwa kuitikia vizuri. Nilimvuta pembeni nikamwambia. Nilimwambia kwamba siku ile ya mwisho nilipoulizwa nilidanganya, kwamba jambo lile la kumfunika nilikuwa nalijua, kwamba hakukosea popote. Nilimwambia pia kwamba pale Makorora nilikuwepo tangu mwanzo, sikufika baada ya vurugu kama nilivyomwambia kila mtu.

"Najua, mama," alisema. "Nilikuona."

Sikuelewa.

"Nilipopewa ile kanga nilikutafuta kwenye watu. Nikakuona nyuma ya yule mwenye baiskeli, unalia. Macho yetu yalikutana, mama, hukumbuki? Nikasema moyoni, dada mtu huyo hapo na hajanikataza, basi nafanya sawa."

Alisema bila kunilaumu, kama anavyotoa taarifa kwa mkubwa wake wa kazi. Nilimwomba anisamehe. Alitazama ndani, ambako Sista alikuwa ameanza kupiga makofi kuita watu wakae, akasema tuingie kwanza, wanatusubiri.